Hondohondo wa mjini Moshi

Wiki hii mjini Moshi, sauti kama ya punda ilisikika juu ya mkuyu nyuma ya vibanda vya chipsi. Alikuwa hondohondo, ndege mweusi mkubwa, mdomo mzito wenye pembe juu yake, akila kuyu. Makao yake ni misitu ya Kilimanjaro, lakini matunda yakiiva hushuka hadi kwetu. Kuzaa ndiko kugumu: jike hujifungia katika pango la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba ambao dume humlishia kwa miezi kadhaa. Pango hilo halimo katika mti uliopandwa juzi. Kwa hiyo nawasihi wakubwa wa mji: pandeni miche, ila mikuyu mizee msiikate kwa ajili ya maegesho.