Kuhesabu Makosa Si Kupima Ulinzi

Kwa wasioufahamu mchezo wa besiboli: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga, halafu wenzake mrushaji walioko uwanjani wanaudaka au kuuokota ili mpigaji atolewe. Tangu karne ya 19, Wamarekani wamepima ulinzi huo kwa asilimia moja: katika mipira aliyoifikia mchezaji, ni mingapi aliimaliza bila kosa? Mimi naona asilimia hiyo inadanganya.

Hebu tupige hesabu ya kubuni. Mipira 100 inapigwa upande wa Juma, na mingine 100 upande wa Otieno. Juma ni mzito: anaifikia 60 na kukosea 1. Otieno ana mbio: anaifikia 75 na kukosea 4. Juma anapata asilimia 98.3, Otieno 94.7. Haya, nani apewe namba kikosini? Karatasi inasema Juma, ilhali Otieno ametoa wapigaji 71 na Juma 59 tu! Ile mipira 40 iliyompita Juma haimo kwenye hesabu kabisa.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Ukimpima mtu kwa idadi ya makosa katika programu zake, mshindi ni yule asiyeandika chochote.

Bill James, bingwa wa takwimu za besiboli, alileta kipimo rahisi cha timu nzima. Chukua mipira yote iliyopigwa ikabaki uwanjani, kisha uliza ni mingapi ilimtoa mpigaji. Katika ligi kuu ya Marekani, jibu huwa karibu 7 kati ya 10. Mwaka 2007 timu ya Tampa Bay ilikuwa ya mwisho kwa kipimo hiki, ikapoteza mechi 96. Mwaka 2008 ikawa ya kwanza, ikashinda mechi 97 na kufika fainali. Ulinzi haukuwabeba peke yake, lakini ulichangia sana.

Kweli, kipimo hiki hakisemi ni mchezaji gani aliyefanya kazi. Ndiyo maana tangu 2015 viwanja vyote vya ligi hiyo vina mitambo inayofuatilia mpira na mbio za kila mchezaji. Lakini hata asiye na mitambo hiyo anaweza kuanza na swali la bure: ni nini hakikuhesabiwa? Bila swali hilo, akina Otieno wataendelea kukaa benchi.