Nakala Tatu na Mkono Mmoja

Wako wenzangu katika Chama cha Kompyuta wasemao kwamba kitu kilichowekwa mahali patatu hakiwezi kupotea. Mimi nasema chaweza, na kilichonifundisha ni kosa langu mwenyewe.

Wazazi wetu hapa Ufipa wanajua faida ya kutoweka akiba yote chini ya paa moja. Hata Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Sumbawanga, Songea, Makambako, Arusha, Shinyanga na kwingineko. Programu iitwayo Hadoop, iliyoanza mwaka 2006, hutunza maandishi ya kompyuta kwa mfano huo. Kwa kawaida huligawa faili kubwa vipande vya megabaiti 128, na kila kipande hukiweka katika mashine tatu. Lakini tofauti iko: gunia lililoko Songea haliko Sumbawanga, bali kipande cha faili ni kilekile katika mashine zote tatu.

Mwalimu wetu aliunganisha kompyuta tatu kuukuu kwa njia hiyo. Mwezi wa Machi moja iliharibika, wala hatukupoteza hata herufi moja. Tukajivuna sana.

Mwezi wa Mei ikafika zamu yangu ya kutunza ghala hilo. Nikaona habari kwamba nafasi tuliyogawiwa imejaa. Badala ya kuuliza, nikaandika amri ya kufuta folda niliyoidhani haina kazi, nikaongeza -skipTrash ili isipitie kapu la taka, maana kilichomo kapuni bado hushika nafasi. Kompyuta haikuniuliza neno, ilitii. Kumbe ndani ya folda ile mlikuwa na vipimo vya mvua ambavyo wadogo zetu wa Kidato cha Pili walivipima kila asubuhi tangu Novemba hadi Aprili. Nakala zote tatu zilikwenda pamoja. Mvua iliyokwisha kunyesha haipimwi tena.

Basi maoni yangu ni haya. Nakala nyingi hutukinga na mashine mbovu, lakini hazitukingi na mtunzaji mwenye haraka. Mwenye zamu aanze kwa hdfs dfs -du -h, aone ukubwa wa kila folda, akikumbuka kwamba gigabaiti 1 yenye nakala tatu hula gigabaiti 3. Kwa -setrep aweza kupunguza nakala za vitu vidogo thamani kutoka 3 hadi 2, na theluthi ya nafasi yao itarudi bila kufuta kitu. Kufuta kuwe kazi ya watu wawili, mmoja aandike, wa pili asome kabla kitufe hakijabonyezwa. Na daftari la karatasi lisiachwe.

Wengine watataka amri hizi zikatazwe, tubaki kubofya picha tu. Sikubali. Mtoto akijikata, kisu hakitupwi, hufundishwa kukishika.

Wadogo zangu wa Kidato cha Pili, niliwaomba radhi darasani, na sasa nawaomba mbele ya walimu na wazazi. Mvua zijazo nitapima pamoja nanyi.

Mwanachama, Kidato cha Nne