Daktari Aliyekesha

Ikiwa umewahi kulaza mgonjwa katika hospitali kuu ya mafunzo kama Kenyatta, bila shaka umemwona yule daktari kijana mwenye macho mekundu, ambaye jana jioni alikuwa wodini na leo adhuhuri bado yupo. Huyo si mwanafunzi wa kawaida. Amekwisha kuhitimu udaktari, naye anasomea ubingwa huku akitibu.

Huko Marekani jina la daktari wa aina hiyo lina maana ya mkazi, na si mzaha. Mfumo wenyewe ulipata umbo lake mjini Baltimore, katika hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka wa 1889. William Osler, mkuu wa matibabu, na William Halsted, mkuu wa upasuaji, waliwataka vijana wao waishi mumo humo hospitalini. Walitarajiwa hata wasioe! Kwa Halsted mafunzo hayakuwa na muda maalumu. Ni yeye aliyeamua nani ameiva. Osler naye, na hapa anastahili sifa, aliwatoa wanafunzi kwenye kumbi za mihadhara akawasimamisha kando ya vitanda vya wagonjwa.

Lakini Halsted alikuwa na siri. Alikuwa mtumwa wa kokeini, aliyoanza kuitumia alipokuwa akiifanyia majaribio kama dawa ya ganzi, na baadaye mofini. Mimi hujiuliza kama mtu wa namna hiyo ndiye aliyefaa kuwapangia wenzake saa za kulala.

Mfumo huo uliendelea karibu karne nzima. Kisha Machi 1984, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alipelekwa katika hospitali moja ya mafunzo mjini New York akiwa na homa. Alihudumiwa na madaktari wawili waliokuwa bado mafunzoni, mmoja wao akiwa na wagonjwa wengine chungu nzima usiku huo. Alipewa dawa ambayo haikupatana na nyingine aliyokuwa akimeza. Kufikia asubuhi alikuwa amefariki.

Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari na pia mwanasheria. Hakunyamaza. Mwaka wa 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa juma, na mwaka wa 2003 kikomo hicho kikaenea Marekani nzima. Saa 80, msomaji! Hiyo ndiyo nafuu.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka wa 2011 madaktari wa mwaka wa kwanza walikatazwa kupita saa 16 mfululizo, lakini mwaka wa 2017 wakarudishiwa saa 24. Sababu? Zamu zikiwa fupi, mgonjwa hupokezanwa mara nyingi zaidi, na kila anapopokezanwa kuna neno linaloweza kusahaulika.

Hebu fikiria ni mama yako aliyelazwa. Ungemchagulia nani saa tisa za usiku: daktari aliyechoka anayemjua tangu asubuhi, au aliyelala vyema ambaye ndiyo kwanza anafungua faili lake?