Bi Harusi, Kompyuta Yako Usiiache Kwenu



Leo tunazungumza na mabibi harusi watarajiwa, na mama zao wakae wasikilize pia. Sisi tunashona magauni ya harusi, kwa hiyo orodha ya vitu vya bi harusi tunaijua: gauni, hina, udi, kanga, vyombo, kitanda. Siku hizi wapo wasichana wetu waliosomea kuandika programu za kompyuta. Lakini kwenye orodha yao kompyuta haimo. Anaachiwa mdogo wake, au inauzwa kuongezea pesa za ukumbi. Kwa maoni yetu, hapo tunapoteza riziki kwa mikono yetu.

Sababu inayotolewa huwa ni moja: "Ataifanyia kazi wapi? Mume hatapenda atoke." Wanaosema hivi hawajaona kazi hii inavyofanywa sasa.

Ipo programu ya bure ya Microsoft, Visual Studio Code, ambayo huongezewa kitu kinachoitwa Live Share, kilichotangazwa mwaka 2017. Dada aliyeko Mkunazini anafungua kazi yake, anamtumia linki mwenzake aliyeko Muscat, na wote wawili wanaandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Kila mmoja anamuona mwenziwe amefika mstari gani. Mafaili yanabaki kwenye kompyuta ya mwenye kazi. Na kwa kuwa kinachosafiri ni maandishi, bando haliliwi kama kwenye simu ya video. Replit nayo inafunguka kwenye intaneti moja kwa moja, bila kupakua kitu.

Mafundi cherehani wenzetu wataelewa haraka. Ni kama watu wawili juu ya kitambaa kimoja: mmoja ameshika mkasi, wa pili anaangalia chaki na vipimo, kisha wanapokezana. Kosa linakamatwa kabla kitambaa hakijakatwa. Anayejifunza ndiye anayefaidika zaidi, maana mwalimu anamuonyesha palepale alipokosea, hata kama bahari iko kati yao.

Tena jambo hili si la jana. Mwezi wa Desemba 1968, Mmarekani Douglas Engelbart alisimama mbele ya watu San Francisco akaonyesha jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park walivyoweza kufanya kazi kwenye skrini moja.

Na kufanya kazi na mshirika wa mbali kwetu Waislamu si ajabu. Mama yetu Bi Khadija (r.a.) alikaa Makka, mali yake ikaenda Sham mikononi mwa Mtume (s.a.w.) kabla hajapewa utume, na Maysara akafuatana naye. Aliangalia uaminifu kwanza, faida ikafuata.

Kwa hiyo hatusemi dada aingie tu bila mpaka. Tunayoyaona muhimu ni haya:

1. Andikianeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Nani anafanya nini, analipwa kiasi gani na lini, iandikwe kabla ya kuanza.

2. Linki ni ufunguo wa nyumba. Usiitupe kwenye kundi la WhatsApp. Anayekuja kuangalia tu, mpe ruhusa ya kusoma tu. Maneno ya siri usiyaache ndani ya faili mnalolifungua pamoja.

3. Stara haina mtandao wala nje ya mtandao. Kazi inakwenda kwa maandishi, kamera si lazima. Ukiweza, shirikiana na wanawake wenzako. Ikiwa mshirika ni mwanamume asiye maharimu, muwe watatu au zaidi, na mazungumzo yabaki ya kazi.

4. Panga saa. Unguja ikiwa saa 3 usiku, Muscat ni saa 4. Mjulishe mwenzako mapema nyakati za sala na saa za nyumba yako.

Jambo kubwa zaidi ni kuzungumza kabla ya ndoa. Somo anamfundisha mwari mengi usiku wa mwisho, lakini suala la kazi haliwezi kungoja usiku huo. Posa inapokuja, mwambie mchumba waziwazi: najua kazi hii, nitaifanyia ndani, saa fulani mpaka saa fulani. Muonyeshe na jinsi inavyofanywa. Mwanamume anayeona kwa macho yake huwa na hofu ndogo kuliko anayehadithiwa.

Na mahari ni haki yako, wewe ndiye unayetaja. Kama kompyuta huna, itaje hiyo. Gauni letu utalivaa siku moja. Hatuoni haya kusema hivyo ingawa ndilo linalotulisha. Kompyuta utaitumia kila siku, in shaa Allah.

Allah awape ndoa zenye baraka na mikono yenye kazi ya halali. Amin.