Anayejifanya ameumia anamnyima msaada anayeumia kweli

Katika karate, judo, ngumi na mieleka kuna hila moja ambayo makocha wengi wanaijua. Mchezaji anaguswa kidogo, anaanguka, anashika jicho ao tumbo, anajipindapinda chini. Mwamuzi anasimamisha pambano. Mpinzani anapewa onyo ao anatolewa kabisa. Yule aliyelala anapata dakika za kupumua, anapata alama, na mara nyingine anapata ushindi mzima. Kuna wanaosema hiyo ni akili ya mchezo. Kwa vijana wa Fataki, katika teritware ya Djugu, hiyo ni hatari, na inafaa kueleza kwa nini.

Kwanza mambo yatenganishwe. Katika mchezo wa kupigana, si kila udanganyifu ni kosa. Wakongomani wanalijua hilo vizuri, maana mfano mkubwa kuliko yote ulitokea kwao. Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, Muhammad Ali aliegemea kamba raundi kwa raundi akimwacha George Foreman apige. Watu wengi walifikiri Ali ameishiwa nguvu. Kufika raundi ya 8, aliyeishiwa alikuwa Foreman, na Ali akamwangusha. Ni kweli Ali alidanganya. Lakini alimdanganya mpinzani wake peke yake, na kila ngumi aliyopokea alilipa kwa mwili wake. Hakumwomba mwamuzi amhurumie.

Hata catch ya Kinshasa, ambamo mpiganaji anaweza kuanguka kwa nguvu ya dawa ya mwenzake, haimuibii mtu. Kuanguka huko ni sehemu ya tamasha ambalo watu wamekuja kutazama.

Anayejifanya ameumia ni mtu mwingine kabisa. Yeye anawadanganya mwamuzi na daktari, yaani watu wawili waliowekwa pale kulinda maisha ya wapiganaji. Katika ngumi, aliyepigwa chini ya mkanda anaweza kupewa hadi dakika 5 apate nafuu. Dakika hizo ziliwekwa kwa sababu maumivu yale ni ya kweli. Mtu aliyechoka tu akizichukua, ameiba dawa ya mgonjwa. Ndiyo maana kanuni za shirikisho la karate duniani, WKF, zinahesabu kujifanya umeumia kuwa kosa, na hata kuzidisha maumivu uliyo nayo kweli ni kosa pia. Anayejifanya kabisa anaweza kufukuzwa katika mashindano.

Shida ni kwamba jicho la mtazamaji haliwezi kupima maumivu. Tarehe 7 mwezi wa nane 2021, katika fainali ya karate ya Olimpiki ya Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza kwa alama 4 kwa 1. Akampiga teke la kichwa Sajad Ganjzadeh wa Iran, naye akaanguka, akabebwa kwa machela. Waamuzi wakasema teke lilizidi nguvu, Hamedi akatolewa, na dhahabu ikaenda kwa mtu ambaye hakuwa amesimama. Ganjzadeh alieleza kwamba alizinduka ndipo akaambiwa ameshinda. Hata hivyo, palikuwa na watu mitandaoni waliosema anaigiza.

Karibu zaidi na hapa, Mtanzania Hassan Mwakinyo alipoteza kwa Liam Smith mjini Liverpool, tarehe 3 mwezi wa tisa 2022, katika raundi ya 4. Alisema mguu ulikuwa umeumia. Nyumbani kwao mashabiki wakagawanyika: wengine wakamwamini, wengine wakamcheka. Hakuna kati yao aliyeweza kuona ndani ya mguu wake. Hiyo ndiyo kazi mbaya ya waongo waliotangulia: kila anayeanguka baadaye anakutana na watu wenye mashaka.

Na mashaka yanaweza kuua. Tarehe 17 mwezi wa kumi 2015, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mpiga ngumi Prichard Colón alilalamika kwamba anapigwa ngumi za kisogoni. Alitazamwa, pambano likaendelea. Kiisha pambano alianguka. Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa. Alibaki katika koma siku 221, na hakupata tena maisha aliyokuwa nayo. Kisa hicho kinaonyesha jinsi muda ulivyo mfupi kati ya mtu kusema "naumwa" na maisha yake kuharibika. Mwamuzi aliyedanganywa mara kumi atachelewa mara ya kumi na moja, na huenda hiyo ndiyo ya kweli. Mwongo hata akisema kweli haaminiwi, lakini katika mchezo huu anayekosa kuaminiwa mara nyingi ni mwingine, ambaye hakusema uongo wowote.

Colón aliumia mahali penye daktari kando ya ulingo na hospitali kubwa jirani. Fataki haina bahati hiyo. Ituri iko chini ya état de siège tangu mwezi wa tano 2021, na vita havijaisha. Mwaka 2025 hospitali kuu ya Fataki yenyewe ililazimika kufunga milango kwa sababu ya vitisho vya makundi yenye silaha. Kumfikisha majeruhi Bunia ni safari ndefu, katika barabara ambayo siku nyingine inapitika na siku nyingine haipitiki. Mahali kama hapo, kifaa cha kwanza cha kuokoa maisha ni neno la mgonjwa mwenyewe na watu wanaoliamini haraka.

Kuna wanaojibu kwamba vijana hawa ni maskini, kwamba medali ao bahasha kidogo ni nafasi yao moja, kwa hiyo wasilaumiwe. Umaskini ni wa kweli. Lakini mara nyingi kinachomsukuma mtoto kudanganya ni woga. Popole Misenga, judoka mzaliwa wa Bukavu aliyekimbia vita akiwa mtoto, alishiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya wakimbizi. Alieleza waandishi wa habari kwamba huko nyuma, aliposhindwa, alifungiwa siku kadhaa na kupewa chakula kidogo. Mtoto anayejua kwamba kushindwa kunaleta adhabu atatafuta mlango wowote wa kutokea, na kujifanya ameumia ndio mlango ulio karibu. Kwa hiyo anayetaka kumaliza hila hii aanze na makocha, kisha ndipo awaguse watoto.

Dawa ipo, na haihitaji pesa nyingi. Anayesema ameumia aaminiwe palepale, bila kuchekwa. Lakini akishaaminiwa, apumzike: asirudi kupigana siku hiyo, na kama ni kichwa, asirudi kwa majuma kadhaa. Karate imekwisha kuonyesha njia, kwa kuwa anayeangushwa na asisimame ndani ya sekunde 10 anahesabiwa hawezi kuendelea. Kwa sheria kama hiyo, muongo anapata alama moja na kupoteza mashindano yote, lakini aliyeumia kweli hapotezi kitu ambacho maumivu hayakuwa yamemnyima tayari. Tena, pasipo mwuguzi hata mmoja kando ya uwanja, mashindano yasianze. Na kocha anayemfundisha mtoto kulala chini kwa uongo asimamishwe kama vile angemfundisha kupiga kisogoni.

Siku moja kijana wa Fataki ataanguka na hatainuka. Siku hiyo mwamuzi, kocha na rafiki zake wanapaswa kukimbia kwake bila kuulizana kwanza kama anaigiza. Kila anayejifanya leo anarefusha ulizo hilo kwa sekunde chache, na sekunde hizo zitalipwa na mwingine.