Tajiri akikohoa, klabu ndiyo inalazwa

AGOSTI 26, 2025, kwenye kiwanda cha Tochigi nchini Japan, gari la mwisho la Nissan GT-R toleo la R35 lilikamilika na kutolewa nje. Wafanyakazi wakapiga picha, wakapiga makofi, basi. Miaka 18 ya uzalishaji, magari takribani 48,000, injini zake zikiungwa kwa mikono na mafundi tisa, imeishia hapo.

Najua unachowaza. Huyu jamaa leo kaamkaje? Ukurasa wa soka, Jumamosi kuna mechi, halafu anatuletea habari za gari la vijana wa Kijapani? Tulia kwanza, mtani. Hadithi hii inakuhusu kuliko unavyofikiri, na ukifika mwisho utaiona jezi yako ndani yake.

Anza na hesabu. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Nissan ilipata hasara ya yen bilioni 670.9. Mei mwaka huo bosi mpya, Ivan Espinosa, ambaye hata miezi miwili kwenye kiti alikuwa hajamaliza, akatangaza panga: ajira 20,000 kuondoka, viwanda 17 kubaki 10. Novemba wakauza jengo la makao makuu yao pale Yokohama kwa yen bilioni 97, halafu wakaendelea kukaa humohumo kama wapangaji. Umesoma vizuri. Mwenye nyumba kageuka mpangaji.

Tuwe wakweli, GT-R haikuuawa na hasara peke yake. Gari lilikuwa limezeeka. Ulaya lilishaacha kuuzwa tangu 2022 kwa sababu ya kanuni za kelele. Na Espinosa mwenyewe amesema hiyo siyo kwaheri ya milele. Sawa. Lakini kwenye soka tunajua: klabu yenye hali nzuri humwandaa mrithi wakati mkongwe bado anacheza. Nissan mkongwe wao kastaafu, ukigeuka benchi hakuna aliyevaa jezi. Hapo ndipo hasara inapoonekana. Mwenye njaa hauzi alichonacho tu, anaacha pia kupanda.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, kampuni hii si ya mbali. Wazee wetu waliijua kwa jina la Datsun. Safari Rally ya mwaka 1970 ilichukuliwa na Edgar Herrmann akiwa na Datsun. Mwaka 1971 akachukua tena na Datsun. Kisha akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeendesha kwa bendera ya Kenya, akaibeba mara tano: 1973, halafu mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Zote tano kwa magari ya nyumba hiyohiyo. 

Jina Datsun liko wapi? Wenyewe walilistaafisha miaka ya 1980 ili dunia nzima iseme Nissan. Miaka ya 2010 wakalifufua kwa ajili ya magari ya bei rahisi. Mwaka 2022 wakalizika tena. Jina lililoshinda kwenye matope na vumbi la Safari likageuzwa jezi ya mazoezi, kisha likatupwa. Hakuna shabiki aliyeulizwa. Kwani shabiki ana hisa ngapi?

Sasa twende kwenye soka lenyewe.

Yokohama F. Marinos, mabingwa mara tano wa J.League, ndiyo timu ile Ange Postecoglou aliyoipa ubingwa mwaka 2019. Ilizaliwa mwaka 1972 kama timu ya kampuni ya Nissan. Uwanja wao mkubwa, uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia 2002 Ronaldo alipoipiga Ujerumani mbili, ulipewa jina la Nissan tangu 2005. Yaani shabiki wa Marinos ameishi maisha yake yote kwenye kivuli cha mti mmoja. Mti umetoa matunda, hilo halina ubishi. Lakini shabiki huyo akisoma kwamba baba kauza hadi jengo la ofisi, unadhani analala usingizi? Aliyeuza nyumba anayoishi atashindwaje kuuza mtoto anayelelewa chumba cha nyuma?

Ukisema natia chumvi, nenda Ufaransa.

Mwaka 1928 familia ya Peugeot ilianzisha FC Sochaux kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chao. Haikuwa timu ya mchezo mchezo: ubingwa wa Ufaransa 1935 na 1938, Kombe la Ufaransa 1937 na 2007. Na Peugeot nayo tunaifahamu, imeshinda Safari mara kadhaa, na 504 zake zilibeba abiria wetu miaka na miaka. Kampuni ilipoanza kuyumba, kilichotangulia kukatwa kilikuwa mbio. Januari 2012 walifuta ghafla timu yao ya mbio za magari za saa 24 za Le Mans, wiki chache tu kabla ya msimu, wakati walikuwa wametwaa taji lenyewe mwaka 2009. Mwaka 2014 hali ikawa mbaya kiasi kwamba Serikali ya Ufaransa na kampuni ya Dongfeng ya China zilibidi ziingie kununua hisa. Mwaka huohuo Sochaux ikashuka daraja. Mwaka 2015 Peugeot wakaiuza klabu waliyoilea kwa miaka 87.

Kilichofuata unaweza kukitabiri. Ikauzwa kwa tajiri wa mbali, ikahamia kwa mwingine, na kiangazi cha 2023 fedha zikakata kabisa. Wakaguzi wa hesabu wa soka la Ufaransa wakaitupa daraja la tatu. Siyo kwa kufungwa uwanjani, kwa kufungwa na daftari. Ilibaki kidogo tu ifutike. Waliookoa jahazi walikuwa watu wa palepale, wafanyabiashara wa eneo hilo pamoja na mashabiki waliochangishana fedha mfukoni. Wale ambao miaka yote waliambiwa kazi yao ni kununua tiketi na kushangilia, ndio waliobaki pale matajiri walipotoweka.

Nisikilize vizuri hapa, maana kuna watu watasema naonea kampuni. Mimi sisemi mwenye kampuni asipunguze matumizi. Baba mwenye familia ya watu 20,000 wanaopoteza kazi, halafu bado analipa mamilioni kwa ajili ya gari la mbio au straika wa Brazil, huyo naye ana matatizo. Mfanyakazi wa kiwandani anayepewa barua ya kuachishwa kazi hawezi kuelewa kwa nini timu bado inapanda ndege. Hiyo hoja ni nzito na sitaki kuipita kama siioni.

Ninachosema ni viwili. La kwanza, kukata kwa hofu kuna gharama yake. Muulize Honda. Desemba 2008, dunia ikiwa kwenye mtikisiko wa fedha, Honda walijitoa Formula One. Mwezi huohuo Subaru na Suzuki nao wakaaga mbio za dunia za rali, na Subaru ile ya bluu ya kina Colin McRae ambayo barabara zetu bado zinaikumbuka ikaishia hapo. Honda walikuwa wameshatengeneza gari la msimu wa 2009. Wakamwachia bosi wa timu, Ross Brawn, kwa bei ya pauni moja. Siyo milioni. Moja, bei ya soda. Brawn akatafuta injini ya Mercedes, akaliingiza gari barabarani, na Jenson Button akawa bingwa wa dunia. Timu nayo ikawa bingwa. Mwisho wa mwaka Mercedes wakainunua, na kuanzia 2014 hadi 2021 wakachukua ubingwa wa timu mara nane mfululizo. Honda waliuza shamba mwezi mmoja kabla ya mavuno. Ni kama kumwachia straika bure Januari, halafu Mei anakufunga kwenye fainali.

La pili ndilo kubwa zaidi. Kampuni ina haki ya kuondoka. Swali ni: ikiondoka, inaacha nini?

Tazama ile herufi F kwenye jina la Yokohama F. Marinos. Wengi hudhani ni pambo tu. Ile ni kaburi. Yokohama ilikuwa na klabu nyingine kwenye ligi kuu, Yokohama Flügels, iliyosimama kwa fedha za shirika la ndege la ANA na kampuni moja ya ujenzi. Mwaka 1998 kampuni ya ujenzi ikaishiwa, ikajitoa. Waliobaki wakakaa mezani wakaamua: Flügels iunganishwe na Marinos. Wachezaji na mashabiki wakazipata habari kama sisi tunavyopata za usajili. Mahasimu wa mji mmoja, unaambiwa kuanzia msimu ujao mnashangilia pamoja. Hebu fikiria Kariakoo siku ya tangazo kama hilo.

Wachezaji wa Flügels hawakugoma. Walicheza mechi zilizobaki wakishinda, mpaka wakafika fainali ya Kombe la Mfalme, Januari 1, 1999, wakaifunga Shimizu S-Pulse 2-1. Wakanyanyua kombe, wakavua jezi, na klabu ikafa siku hiyohiyo. Mabingwa bila timu. Kilichobaki kwao ni herufi moja kwenye jina la hasimu.

Mashabiki wakakataa. Hawakwenda Marinos. Wakachanga, wakaanzisha klabu yao wenyewe, Yokohama FC, wakaanza madaraja ya chini. Mwaka 2007 walikuwa ligi kuu, wakicheza na Marinos uso kwa uso. Sitakudanganya kwamba waliishi kwa michango milele. Baadaye nao walipata kampuni ya kuwashika mkono, maana soka bila fedha ni hadithi ya kulalia watoto. Lakini walijifunza kitu ambacho Sochaux walikuja kujifunza miaka 24 baadaye: tajiri ni mgeni, hata akikaa miaka 87.

Sasa rudi nyumbani. Sisi tuna orodha yetu. Reli ya Morogoro, Sigara ya Dar es Salaam, Ushirika ya Moshi. Yasome majina yenyewe utajua nani alikuwa analisha. Leo ukizitafuta Ligi Kuu huzioni. Jirani zetu Kenya, Agosti 2019, SportPesa ilipogombana na serikali juu ya kodi na leseni, ilifuta udhamini wake wote. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mamilioni ya mashabiki, zikaamka asubuhi jezi haina mdhamini na mishahara haina mlipaji. Hazikukosea lolote uwanjani.

Na leo tunafurahia, kwa haki kabisa, zama za matajiri wetu. Usajili mkubwa, kambi nje ya nchi, robo fainali na nusu fainali za Afrika. Mimi sitaki waondoke, nataka wakae wajukuu wao wawakute. Kanuni zetu zinasema wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49. Tunalipenda hilo neno 51, tunalitamba vijiweni. Lakini 51 ya nini? Mwanachama mwenye kadi mkononi aulize maswali manne tu kwenye mkutano mkuu ujao, badala ya kuuliza winga mpya anatua lini.

Mosi, nembo na jina vimesajiliwa kwa nani? Pili, uwanja wa mazoezi, basi na hosteli ya vijana viko kwenye hati ya klabu au ya mfadhili? Tatu, akitaka kuondoka, mkataba unamtaka atoe taarifa miezi mingapi kabla? Nne, katika kila shilingi mia klabu inayotumia, ngapi imetafuta yenyewe kwa ada, tiketi na jezi?

Ukipata majibu mazuri kwa yote manne, kalale. Tajiri akiyumba kesho mtaumia, mtauza wachezaji wawili watatu, lakini mtabaki. Ukijibiwa kwa kelele na nyimbo, ujue una Flügels mkononi, na kombe mtakalonyanyua laweza kuwa la mwisho.

Nissan nawaombea wapone, na GT-R irudi barabarani. Kampuni ina namna zake za kufufuka: inauza jengo, inakopa, inaungana. Gari likifa, jina linaweza kurudi baada ya miaka 20 kwenye bodi jipya na watu wakalinunua. Klabu haiendi hivyo. Mtoto aliyeikosa timu ya baba yake kwa miaka 20 ameshapata timu nyingine, na hiyo nyingine ipo kwenye runinga, inacheza Uingereza. Ada ya uanachama si pesa nyingi. Ilipe, kisha nenda mkutanoni ukaulize.