Kabla ya Kuhesabu Majibu
Mwanafunzi mmoja wa takwimu alinionyesha dodoso lake: “Chakula cha shule ni kibaya, sivyo?” Hapo umeshamlisha mtu maneno. Tukalifuta swali hilo, tukaandika: “Unakionaje chakula cha shule?” Na atawahoji akina nani? Wenzake wa bwenini! Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilikusanya maoni ya watu zaidi ya milioni 2, likamtabiria mgombea urais Landon ushindi dhidi ya Roosevelt. Roosevelt akapata takriban asilimia 61 ya kura. Majina mengi ya walioulizwa yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, si kwa wapiga kura wa aina zote. Basi mwanangu, chukua rejista ya shule nzima, andika namba kwenye vikaratasi, tikisa kopo, chomoa 40, na usiyemkuta leo mfuate kesho.